Damu ya Mageti

Mwezi wa tano baada ya Bonge kupunguzwa tumbo, mageti aliyoyachomelea yalianza kuishiwa chuma. La kwanza lilirudishwa Jumatatu asubuhi na mwalimu mstaafu, ambaye alilibeba begani peke yake kama mkeka. Siku lilipotoka karakana, geti hilo liliinuliwa na wanaume wanne, na mmoja wao alilalamikia kiuno wiki nzima. Mwalimu aliliegemeza ukutani, akajipangusa bega, akaeleza kwa upole kwamba mbuzi wa jirani alikuwa amepita katikati yake. Hakuruka. Alilisukuma kwa pua.

Bonge aliligonga kwa ukucha. Lilitoa sauti ya boksi. Rangi ilikuwa palepale, nyeusi, inang'aa, na mishono ya kuchomelea ilikuwa palepale, ila ndani hamkuwa na kitu. Alikumbuka kwamba geti lile alilipaka rangi mwenyewe, na kila alipochoka aliliegemea.

"Fundi, umeniuzia rangi," mwalimu alisema.

"Nilikuuzia chuma, mwalimu. Chuma nimekitumia."

Mwalimu akauliza kama jingine linaweza kutengenezwa na mtu mwenye damu ya kutosha. Bonge akamwambia arudi Ijumaa.

Watu walimwita Bonge tangu alipokuwa na kilo mia moja na hamsini na mbili, na jina halikupungua alipopungua yeye. Wakati ule magoti yalimlia kama bawaba kavu, sukari ilikuwa juu, na mara mbili alisinzia na barakoa ya kuchomelea usoni, moto ukiwaka mkononi. Zahanati ya kupunguza tumbo ilikuwa na milango ya vioo na viti laini. Daktari wa pale alikata vizuri, hilo tumpe haki yake. Kidonda kilifunga, kilo zikashuka, Bonge akaanza kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe, kazi ambayo mkewe alikuwa ameifanya miaka saba.

Ubaya haukuwa kwenye kisu. Ubaya ulikuwa kwenye meza iliyo karibu na mlango wa kutokea.

Hapo alikaa mshauri wa lishe, binti msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Alimwambia Bonge kwamba tumbo lililobaki ni kama yai, haliwezi kulisha mwili mzima, kwa hiyo atameza vitamini mpaka siku atakayozikwa. Hilo nalo lilikuwa kweli. Bonge akauliza ameze zipi. Binti akaligeuza kopo moja likamtazama. Lilikuwa na kifuniko cha rangi ya dhahabu, na ndani yake mlijaa peremende laini zenye umbo la nyota na ladha ya matunda. Bonge akauliza kama kuna nyingine za kuchagua. Binti akasema nyingine zipo duniani, lakini karatasi aliyotia saini inasema mgonjwa atakayetumia vitamini za kwingine amejitoa mwenyewe, na zahanati haitamjua tena.

Karatasi hiyo Bonge aliitia saini saa kumi na mbili asubuhi, njaa inamuuma, amevaa gauni la wagonjwa. Mtu aliyevaa gauni lililo wazi mgongoni hasomi mkataba.

Lakini hata angeusoma asingebisha. Ukutani kwake karakana, kwa miaka ishirini na sita, palikuwa na maandishi ya chaki: KAZI IKIGUSWA NA FUNDI MWINGINE, DHAMANA IMEKUFA. Alikuwa amewarudisha watu kwa maneno hayo, hata wajomba zake. Kwa hiyo alipoyasikia kwenye meza ile alitikisa kichwa kama aliyekutana na ndugu, akanunua kopo.

Mkewe hakutikisa kichwa. Alikuwa karani wa stoo, na maisha yake yote alikuwa hapokei mzigo bila kuukagua. Alilisoma kopo kwa lenzi, maandishi yenyewe madogo kama sisimizi, akaona vitamini tatu, sukari na rangi. Akamburuta mumewe mpaka duka la dawa la mtaani, kwa bibi mfamasia ambaye kila mtu alimwita Mama Dawa.

Mama Dawa alilisoma kopo mara moja, akalirudisha mezani kwa ncha za vidole. Kisha akapanga makopo manne ya kawaida, meupe, yenye sura mbaya. Vidonge vya chuma, vya damu. Vya chokaa ya mifupa, ambavyo havimezwi pamoja na vya chuma, vipishane saa mbili. Na aina mbili za vitamini B, za mishipa ya fahamu.

"Zile nyota hazina chuma," alisema, "kwa sababu chuma ukikitafuna ni kama kulamba ufunguo. Mteja angetema. Wametoa dawa, wakaacha ladha."

Mke alishafungua pochi. Bonge akamshika mkono. Alisema ameshonwa tumbo na wale, na likifumuka atakwenda kugonga kwa wale. Fundi mwingine asiguse. Mkewe akamwambia, mbele ya Mama Dawa na mteja aliyekuja kununua pamba, kwamba ameolewa na geti. Bonge akasema mkataba ni mkataba, wakarudi nyumbani na kopo lao la nyota.

Akatafuna nyota mbili kila asubuhi. Mwezi wa tatu alisikia kizunguzungu, na ndani ya kope zake palikuwa peupe. Mwezi wa nne kizunguzungu kikaisha. Mwili ulikuwa umesubiri vya kutosha, ukaamua kujihudumia. Misumari iliyokuwa kwenye benchi alilozoea kukalia ilipotea, benchi likalala chini. Nondo za dirisha la chumbani, upande wake wa kitanda, zikawa laini kama tambi. Alipoegemeza mgongo ukutani jioni, chokaa ya ukuta ilimfuata, pakabaki alama ya mabega yake kwenye udongo mtupu. Meno yake yalibaki imara.

Mtaani watu walizoea upesi. Jirani mwenye gari alimwomba aongee naye akiwa amesimama wima. Kwenye kikao cha familia shemeji yake alimtangulizia kiti cha plastiki kabla ya salamu. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea alifungua mzigo wake mlangoni, akatoa mwiko.

"Mkwe, kikaango changu nimekiacha nyumbani," alisema. "Nakupenda, lakini na mayai nayapenda."

Kazini hakukuwa na mzaha. Geti la pili la mwalimu alilichomelea amevaa glavu mbili mbili, amesimama mbali kadiri mkono ulivyofika. Lilidumu siku nane. Wakaja wengine, mmoja na dirisha, mwingine na mlango wa duka ambao mwizi aliupasua kwa kiwiko na kumwomba radhi mlinzi kwa ajili ya kelele. Bonge hakumfukuza mtu. Alikuwa ameweka dhamana. Alirudia mageti tisa bila malipo, akinunua chuma kwa akiba yake, na kila alilolirudia lilimlisha.

Halafu miguu ikaanza. Kwanza ilikuwa kama kutembea juu ya pamba. Siku moja alikanyaga kipande cha chuma kilichokuwa bado chekundu, na alijua kwa harufu. Alivua kiatu, akatazama unyayo kama unavyotazama unyayo wa mtu mwingine. Mkewe akasema sasa wanakwenda zahanati, na safari hii anakwenda naye.

Walipokelewa kwa tabasamu. Kadi ya Bonge ilikuwa na safu mbili, tarehe na kilo, na zote zilijaa vizuri. Akapimwa uzito. Akatolewa damu, ikapimwa kitu kimoja tu, chuma. Binti wa ushauri alitazama karatasi ya majibu, akaita wenzake wawili, nao wakaitazama.

"Hongera, baba," alisema. "Sijawahi kuona damu nzito hivi. Unaona? Nyota zinafanya kazi."

Bonge akamweleza kwamba hiyo si kazi ya nyota. Akamtajia mageti, moja moja, na wenye mageti. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Hakusema ni uongo. Alisema kwamba kwenye kadi hakuna nafasi ya mageti.

Mke akauliza kuhusu miguu. Binti akasema miguu si idara yao, wao ni tumbo. Akawapa kopo la nane.

Wakati wa kutoka, kiti cha chuma alichokalia Bonge kilibaki kimekunjamana kama gazeti. Mhudumu alikuja, akakiondoa, akaleta kingine. Alionekana kuwa na orodha ya mambo hayo.

Safari hii Bonge hakumshika mkewe mkono. Mama Dawa alimkalisha kwenye kigoda cha mti, akamvua soksi, akambonyeza unyayo kwa ncha ya kalamu. Akapanda mpaka kwenye kifundo ndipo Bonge akasema hapo nasikia. Akamwambia ashike sindano. Ilimponyoka. Akamwambia tena, ikamponyoka tena.

"Mwanangu," Mama Dawa alisema, "damu umeiokota kwenye mageti ya watu. Chokaa umeipata ukutani. Ya mishipa ya fahamu ulitaka uiokote wapi? Hakuna geti lenye hiyo."

Alimpa vidonge vya siku hiyo na barua ya kwenda nayo hospitali kuu. Hospitali walimdunga sindano kwa majuma sita. Daktari wa huko alikuwa amechoka, na maneno yake yalikuwa mafupi: sindano zimeuzuia ugonjwa usipande, lakini kilichokwisha kufa hakifufuki. Kama vidonge vya Mama Dawa vingeanza kumezwa siku ya kutoka zahanati, wasingekuwa wanaongea hapa. Akauliza ni nani aliyemchagulia zile nyota. Bonge akajibu kwamba hazikuchaguliwa, zilikuwa zimewekwa.

Alipoanza kumeza vidonge vya Mama Dawa, vyuma vikatulia. Mtaani kila kitu kikarudia ugumu wake. Jirani akamruhusu kuegemea gari, na alifanya hivyo siku moja, kwa heshima.

Mke wake hakutulia. Alichukua barua aliyoiandika daktari wa hospitali, akaenda na mumewe zahanati, Bonge akiwa na fimbo. Kwenye ukuta wa mapokezi walikuta bango jipya. Lilikuwa na picha ya Bonge akipimwa uzito, na chini yake majibu ya damu kwa herufi kubwa, na chini ya majibu, picha ya kopo.

Binti wa ushauri aliisoma barua. Akafungua kompyuta, akasikitika. Barua yenyewe inathibitisha kwamba mgonjwa ametumia vitamini za kwingine. Kwa hiyo kadi yake imefungwa tangu siku alipozimeza, na malalamiko yanapokelewa kwa wenye kadi tu.

"Kama si wenu, mtoeni ukutani," mke alisema.

Binti akageuza karatasi ya mkataba, akaonyesha kipengele cha kumi na moja. Matokeo ya vipimo ni mali ya zahanati.

"Mgonjwa si wenu, ila damu ni yenu," mke alisema.

Binti akasema ndivyo ilivyoandikwa. Hakusema kwa ubaya. Nyuma yao kulikuwa na foleni, watu kumi na wanne, wengine bado wameshika matumbo, na wa kwanza alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea kopo. Bonge alimwambia asilichukue. Yule mtu alimtazama Bonge, akatazama bango, akamtambua, akampongeza, akalichukua.

Hesabu ni hii. Unyayo wa kulia na wa kushoto, mpaka kwenye vifundo. Vidole vitatu vya mkono wa kulia, gumba likiwemo, vile vinavyoshika koleo la kuchomelea. Mageti tisa, madirisha manne, mlango mmoja wa duka. Makopo manane, la mwisho halikufunguliwa. Karakana moja, ambayo sasa imepangishwa kwa fundi mwingine.