Kiti Kando ya Mlango

Fundi wa makochi hufanya kazi na misumari mdomoni. Huisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, nyundo ikaupokea. Ndiyo maana kwa miaka ishirini na minane fundi huyu alitoka nje kila alipotaka sigara. Mdomo mmoja hauwezi kazi mbili. Alipohamia sigara ya umeme, ile ya mvuke, aliining'iniza shingoni kwa kamba, akawa anavuta humo humo karakanani, kati ya msumari na msumari.

Siku ya kwanza mvuke haukutawanyika. Ulishuka kwenye kochi la mteja lililokuwa halijavishwa kitambaa, ukakaa, ukawa kaka yake. Kaka huyo alikufa kwa kifua miaka tisa iliyopita, na ndiye aliyemwashia fundi sigara ya kwanza. Alikohoa, akauliza nani amefunga springi ovyo namna hii. Fundi akazifunga upya.

Mshonaji wa foronya, mama wa makamo aliyekuwa ameacha sigara miaka minane, alisema mvuke si moshi, naye akanunua yake, yenye harufu ya vanila. Kwake alikuja marehemu mumewe, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu tu.

"Hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa nusunusu," alisema, akaendelea kushona.

Mwenye karakana hakuvuta chochote. Yeye aliona sponji zilizolowa, akalalamikia hizo.

Shida ilianzia kwenye salamu. Binti wa fundi, karani wa miaka ishirini na sita, hakuwahi kutia sigara mdomoni. Kila Ijumaa alipitia karakanani baada ya kazi, na kila Ijumaa alimpita baba yake mkubwa bila shikamoo, kwa kuwa asiyevuta hakuwaona wala kuwasikia watu hao wa mvuke. Fundi aliona aibu. Akavua ile kamba shingoni.

"Vuta mara moja tu, umwamkie baba yako mkubwa."

Binti akavuta, akapaliwa. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka na pua ya bibi yako. Pole."

Walicheka wote watatu. Heshima ikawa imetimia. Wiki mbili baadaye binti alikuwa na yake mwenyewe, nyekundu, yenye harufu ya stroberi.

Yeye hakuwa na marehemu wa kumrudisha. Mvuke wake ulienda kusimama kando ya mlango, mtu asiye na sura. Ijumaa moja ukapata mabega. Nyingine ukapata vidole. Kisha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto likatokea kovu la kuungua, na fundi akalitambua, maana yeye ndiye aliyembeba binti yake hadi hospitali siku alipomwagikiwa na uji akiwa na miaka minne.

Alimuuliza kaka yake yule ni nani. Kaka, kwa mara ya kwanza, hakukohoa.

"Huyo bado," alisema.

Fundi alitema misumari yote kiganjani, akamwambia binti yake aache kuvuta.

"Anza wewe, baba," alijibu binti, bila ufidhuli.

Akaanza. Aliitundika kamba ukutani. Siku ya kwanza kaka alififia. Siku ya pili kilibaki kikohozi. Siku ya tatu kochi lilikuwa kavu, mwenye karakana akafurahi. Fundi aliishika ile sponji kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akasimama hivyo hadi saa ya chakula. Kisha akaitungua kamba. Kaka alirudi, wala hakuuliza fundi alikuwa wapi.

Yule wa mlangoni alikuwa amechoka kusimama. Mvutaji yeyote angeona hivyo. Fundi alichukua mabaki ya mbao na kipande cha mahameli ya manjano, akatengeneza kiti kidogo chenye mgongo mrefu. Alikifanyia kazi siku mbili na hakuharibu msumari hata mmoja.

Ijumaa binti alifika amechoka, akaweka mkoba chini, akavuta. Yule wa mlangoni, aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti, alimtazama, akainuka, akampisha.

"Asante," alisema binti, akaketi.

Kiti kilimtosha sawasawa, ingawa fundi hakuwa amempima mtu.