Siku Tuliyomuaga Mama Rufaa

Kipaza sauti kwenye sherehe za ofisi hupewa mimi kwa sababu ya mdomo wangu. Stashahada yangu ni ya utunzaji wa kumbukumbu, lakini hajatokea mtu wa kunisifia mafaili. Kwa hiyo siku tuliyomuaga bosi wetu, mkuu wa misaada ya wanafunzi, mama aliyezeekea chuoni akiwahangaikia watoto wa watu wasome, ilibidi nichekeshe.

Tulimwita Mama Rufaa. Kompyuta ikimnyima mwanafunzi msaada, mwanafunzi anakata rufaa kwake, na yeye haamui mpaka amwone mtu uso kwa uso. "Kompyuta haijui nani kalala njaa," alizoea kusema. Ndiyo maana rufaa ya mwisho ilimkuta mezani siku yake ya mwisho kazini, na jioni ile ile dirisha la rufaa linafungwa.

Alikuwa binti wa uuguzi, mwaka wa pili, kaja na mama yake. Kompyuta ilisema baba ana mshahara mnono. Kweli anao, ila unaliwa kwa mke mwingine, na simu ya binti hapokei.

"Baba wa karatasi huyo," mama mtu akasema. "Jina lipo, mtu hayupo."

Mama Rufaa akacheka. "Nimekuelewa, dada yangu. Ngoja nimpitishe huyu mwanetu..."

Mlango ukasukumwa. Kamati ya sherehe hao, na taji la maua ya karatasi.

"Bosi, picha na Makamu Mkuu wa Chuo! Dakika tano tu!"

"Nina watu."

"Leo wewe bibi harusi, bosi. Bibi harusi haulizwi!"

Wakamvisha taji, wakamkokota, huyu mkono huu, yule mkono ule. Akageuka mlangoni: "Msiondoke. Narudi sasa hivi."

Mambo ya wakubwa mnayajua. Makamu alichelewa. Alipofika, kila idara ikataka picha yake. Kutoka picha, moja kwa moja ukumbini, hotuba juu ya hotuba. Nikawapasha: "Mama huyu alimnyima msaada mtoto wa kaka yake kwa sababu hakustahili. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo anakalishwa karibu na mlango!" Watu wakavunjika mbavu. Mwenyewe hakucheka. Akanivuta shati.

"Mdogo wangu, nisindikize ofisini. Saa za kazi zinaisha."

Tukatoka kama tunakwenda msalani. Akakaa, akaandika jina lake na neno la siri. Kompyuta ikamkataa. Akaandika tena, taratibu, kama mtu anayegonga kwake mwenyewe. Ikamkataa.

Nikamwita fundi kompyuta, akaja mbio, sambusa mkononi, meno yote nje. "Nimeshakutoa kwenye mfumo tangu mchana, mama! Wastaafu wengine nawazungusha wiki nzima. Wewe nikasema hapana, mama yetu aondoke bila bughudha."

Kwa mapenzi kabisa, jamani. Ungemkasirikia vipi?

"Nirudishe, baba."

Akaiweka sambusa mezani. "Siwezi, mama. Ukishatoka umetoka. Na mrithi wako hajateuliwa. Rufaa hapitishi mwingine."

Nikakimbilia jukwaani, nikamnong'oneza Makamu. Akasikiliza kwa kichwa kilichoinama vizuri, kisha akachukua kipaza sauti. "Kuna mwanafunzi mmoja ana shida. Kwa heshima ya mama huyu, suala lake tutaliangalia kwa jicho la pekee... muhula ujao!"

Makofi ukumbi mzima. Muhula ujao! Asiyelipa ada muhula huu, jina linafutwa. Muhula ujao wangemwangalia nani?

Nyuma kabisa, mama mtu akainuka. Kamati ilishawakaribisha yeye na binti, ikawapa soda. Alisikia "mwanafunzi" na makofi, akadhani yameisha. Akapiga vigelegele mpaka sauti ikakwaruza.

Mama Rufaa, aliyekuwa ameingia nyuma yangu, akamfuata, taji lingali kichwani, akakaa karibu yake.

"Dada yangu, usishangilie. Nimeshindwa."

Tabasamu la yule mama halikuondoka mara moja. Lilizunguka zunguka kama feni iliyozimwa, ndipo likasimama.

"Lakini si ulitusikiliza?"

"Niliwasikiliza."

"Basi." Akampapasa goti. "Ahsante. Wengine hata kiti hawakutupa."

Bora angemtukana.

Binti alikuwa ameinamia soda yake. Akamuuliza Mama Rufaa: "Mama, ufunguo wa bweni narudisha leo au Jumatatu?"

"Jumatatu, mwanangu. Leo lala."

Jukwaani wakaniita, keke inakatwa. Nikaenda. Nikasema kisu chenyewe butu kama akili zangu, wakacheka sana. Kule nyuma Mama Rufaa alikuwa ameinua mkono, anamwelekeza binti: jengo lipi, mlango upi, ufunguo amkabidhi nani.