Alama Saba za Mnara wa Chumvi

Maishani mwangu sijawahi kuipa alama gemu ambayo sijaimaliza. Liandikwe hilo, lipigwe muhuri, litundikwe ukutani. Wahakiki wengine hapa Milwaukee, na wale wa Chicago wanaojiona, hucheza saa mbili, wakasoma kijitabu cha kampuni, kisha wakaandika kana kwamba wamezaliwa ndani ya gemu. Mimi Lonnie Gajewski, hapana.

Isipokuwa Mnara wa Chumvi. Na hiyo nayo ilimalizwa, sema tu haikumalizwa na vidole vyangu.

Kampuni ilituletea mashine yao maalumu yenye gemu ndani, wiki tatu kabla haijafika madukani, pamoja na karatasi ya kutia sahihi: usimwonyeshe mtu, usiseme neno mpaka Jumanne gemu itakapotoka, mashine irudi. Nikatia sahihi, nikaibeba nyumbani. Ghorofa ya nne ya huo mnara kuna jitu lenye fyekeo. Liliniua mara sitini na moja. Najua kwa sababu gemu yenyewe inakuhesabia, haina adabu.

Naishi na Shangazi Bernadine, dada yake baba. Amestaafu kuendesha basi la shule, magoti yamechoka, vidole bado. Alinitazama nikifa kwa siku mbili, huku akimenya viazi, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Hebu lete hiyo padi ya kuchezea. Unaniaibishia ukoo."

Nikampa. Akaliua lile jitu alipojaribu mara ya tatu tu. Kuanzia hapo mimi nilienda kazini, yeye akacheza. Nikirudi ananisimulia, mimi naandika. Usiku wa mwisho wa hiyo gemu nilikuwepo kabisa, kwenye kochi, pembeni yake. Asubuhi yake akaniambia, "Wape saba kati ya kumi. Pale katikati ni kama kupandisha friji ngazi za ghorofa tatu peke yako." Nilicheka mpaka kahawa ikatokea puani. Nikaiweka ndiyo sentensi ya kwanza ya uhakiki wangu, na ilikuwa tamu hivi kwamba nilipomaliza kuandika nilishaamini ni yangu.

Jumatano, Lorraine Buskirk akasimama katikati ya ofisi bila kuvua koti, theluji ikimyeyukia mabegani. Lorraine ndiye mwenye tovuti yetu, Kitufe cha Pili. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la viatu vya mchezo wa bowling, na wafanyakazi ni watatu, pamoja na yeye.

"Nani kati yenu kafungua mdomo?" akauliza.

Akatusomea kwenye simu. Kule mtandaoni, kwenye jukwaa la wapenzi wa gemu, mtu asiye na jina wala sura ameandika tangu Jumatatu: msibishane, ile tovuti ya Milwaukee itatoa saba, maana katikati ni kama kupandisha friji ngazi za ghorofa tatu peke yako.

"Hiyo ni sentensi yangu!" nikaruka. "Wameniibia sentensi!"

"Kaa chini, Lonnie. Kampuni wameiona. Wanataka jina la aliyevujisha kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, na huyo mtu aondoke hapa. Tusipowapa, hatuletewi tena gemu kabla ya kutoka. Na bila hizo gemu tumefunga duka. Nani atakuja kusoma leo tulichokicheza jana?"

Pahoua Vang akavua vipokea sauti vya masikioni taratibu. Yeye ndiye anayetengeneza video zetu, na tuambiane ukweli, watu wanane kati ya kumi wanaokuja kwetu wanakuja kutazama video zake. Maneno yangu wanayaruka kama dimbwi.

"Walioona uhakiki ni sisi watatu tu," akasema.

Ndipo tukaanza kutazamana.

Sikumwuliza Shangazi. Mtaniuliza kwa nini. Yule ni mwanamke wa kanisani, ana umri wa miaka sitini na minne, simu yake ina nyufa, ataongea na nani habari za minara? Tena kuna maswali ambayo mtu akiyafungua yanaweza kumng'ata mwenyewe. Mimi najijua sikuvujisha. Basi ni mmoja wa wale wawili. Hesabu ndogo.

Nilianza na bosi. Jumatano hiyo hiyo saa tisa na robo alitoka na simu, akaenda kukaa kwenye gari lake lililozimwa, kwenye baridi ya kukata masikio, akaongea dakika ishirini. Mtu mwenye ofisi yenye joto anafuata nini kwenye friza? Alhamisi nikamsubiri mlangoni.

"Bosi, gari lina masikio mazuri kuliko ofisi?"

Akanitazama kama anayetazama doa. "Nawapigia kampuni, Lonnie. Nawabembeleza wasitufute. Ulitaka niwabembeleze mbele yenu?"

Alikaa, akajimiminia kahawa, hasira ikamtoka kwa kukumbuka ya zamani. Bosi alianza kazi hii enzi za magazeti ya karatasi. "Sisi tulikuwa tunaandika mwezi wa sita, gazeti linatoka wa tisa," akasema. "Msomaji akikuchukia, anakaa chini, anaandika barua, anaichora bahasha kwa rangi, anabandika stempu. Tusi linakufikia baada ya wiki tatu, zuri mpaka unalitundika. Siri ilikaa kwa sababu hapakuwa na pa kuipeleka. Sasa kila mtu ana gazeti mfukoni."

"Na watu walikuwa wanaamini mlichoandika?"

"Walituamini sana. Hata tulipokuwa hatustahili." Akanywa. "Tulihakiki gemu zilizokuwa nusu hazijatengenezwa. Siku hizi ukisema umecheza saa arobaini wanataka wazione."

Sikuipenda hiyo sentensi ya mwisho. Nikahamia kwa Pahoua.

Na Pahoua alikuwa na jambo. Jumanne nilimwona kwenye mkahawa wa kona anakula supu na kijana aliyevaa jaketi la ile kampuni, nembo ya mnara mgongoni kubwa kama sahani. Wananong'ona, wanacheka. Halafu ana viatu vipya. Halafu siku hizi anageuza skrini yake nikipita.

"Unanipeleleza?" akaniuliza Alhamisi hiyo hiyo, bila kugeuka.

"Mimi? Napita kufuata donati."

"Donati ziko upande ule, mpelelezi."

"Pahoua, yule wa jaketi ni nani?"

"Kaka yangu. Alilipata bure kwenye maonyesho, watu elfu mbili walipewa. Unataka na cheti chake cha kuzaliwa?" Akageuka sasa. "Sikiliza, Lonnie. Nimeshafanya kazi kwenye tovuti mbili, zote zilifungwa nikiwa ndani. Hii ya tatu nikitolewa kwa kuvujisha, hakuna atakayenipa hata ufunguo wa choo. Ukiwa na neno, liseme mbele yangu."

Sikulisema mbele yake. Nilikwenda kulisema kwa Lorraine, jioni, kwa sauti ya mtu anayesikitika. Nikasema sitaki kumponza mtu, lakini kuna jaketi. Nikasema ni yeye aliyepewa uhakiki wangu kwanza ili atengeneze video. Nikasema na skrini anageuza. Kila nilichosema kilikuwa cha kweli, na vyote kwa pamoja vilikuwa uongo mkubwa kuliko mnara wenyewe, lakini hilo nililijua baadaye. Au tuseme nililijua palepale, nikalikalia.

Lorraine alichukua kalamu. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Ijumaa mji mzima ulinukia samaki wa kukaanga, kama ilivyo desturi ya Milwaukee kila Ijumaa, lakini ofisini kwetu hakuna aliyetaja chakula. Saa kumi na nusu Lorraine akatuita mezani kwake. Barua ilikuwa wazi kwenye skrini, na jina lililokuwamo lilikuwa la Pahoua.

Pahoua alilisoma mara moja. Hakulia, hakupiga kelele. "Bosi, unanifahamu mwaka wa tatu huu," akasema. "Nimewahi kukudanganya?"

"Nina jaketi, nina video, na nina nusu saa," akasema Lorraine, lakini sauti haikuwa na mifupa. "Sina kingine. Mwenye kingine alete."

Nilikuwa na kingine. Kilikuwa nyumbani kinamenya viazi. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa utani tangu shule ya msingi, nikautafutia kazi nyingine. Nikachukua donati ya jana, nikaing'ata.

"Kuna jambo jingine," Lorraine akaendelea. "Kampuni wanataka na mhakiki athibitishe kwamba gemu aliimaliza mwenyewe. Wanasema wamepata mashaka. Nataka niandike mstari mmoja hapa chini. Lonnie, juu kabisa ya mnara kuna nini?"

Pahoua akanigeukia. Wakati huo ndipo nilipogundua kwamba Shangazi alinisimulia kila ghorofa isipokuwa ya juu, na mimi ile sikumwuliza, kwa kuwa nilikuwepo.

"Juu kabisa?" nikasema. "Kuna malkia."

"Malkia."

"Wa chumvi. Unapigana naye, anayeyuka. Inasikitisha sana."

Lorraine akaanza kuandika. Mlango ukagongwa, na kabla hatujasema karibu ukafunguliwa kwa goti. Shangazi Bernadine akaingia akihema, kofia ya sufu machoni, amebeba kikapu cha nguo za kufua, na ndani ya kikapu ile mashine imefungwa taulo.

"Jamani ngazi zenu! Nani Lorraine? Wewe ndiye uliyenipigia mchana kuulizia mashine? Huyu angesahau, namjua, nikaona nipande basi niilete." Akaitua mezani, akaichungulia skrini bila kuombwa. Wamama wa mabasi wana macho. "Malkia gani tena? Lonnie, hakuna malkia huko juu. Kuna kiti kitupu na dirisha, basi. Ukikaa kwenye kiti gemu inakwisha."

Vidole vya Lorraine vikabaki hewani. "Wewe umejuaje, mama?"

"Nimejuaje? Nimefika! Mara mbili, ya pili nikitafuta kama kuna mlango wa siri."

"Shangazi anapenda mzaha," nikadakia. "Nilikuwa nacheza mimi, yeye anaangalia."

"Na je, uliwahi kumwambia mtu kuhusu alama?" Lorraine akauliza polepole, kama mtu anayevuka barafu.

"Si wenzangu wa kule kwenye jukwaa walikuwa wanabishana eti itapata tisa? Nikawaambia saba, msipoteze muda. Kwani ilikuwa siri? Huyu hakuniambia ni siri." Akanigeukia, uso umejaa upendo na mshangao. "Halafu wewe, eti nilikuwa nakuangalia wewe ukicheza? Mwanangu, si ulilala kabla hata ya kiti? Mpaka nikakupiga picha nimtumie baba yako."

Akatoa ile simu yenye nyufa. Nikanyoosha mkono kuipokea. Akaupita mkono wangu, akampa Pahoua.

Kwenye picha kulikuwa na runinga, kiti kitupu katikati ya runinga, na chini yake mimi kwenye kochi, kichwa nyuma, mdomo wazi. Pahoua aliisogeza simu karibu. Aliikuza kwa vidole viwili, taratibu, akaigeuzia upande wangu, akaendelea kuikuza mpaka nikayaona mate yangu.