Weupe wa Gauni

Shangazi aliikagua ile picha kama anayechagua nyanya sokoni. Nilikuwa nimemchora mama yangu wa kambo kwa rangi za maji, na nilitaka picha itundikwe sebuleni, pamoja na picha za familia. Baba alishakubali. Ila Baba mbele ya dada yake hana kauli.

"Chini ya macho kuna bluu," alisema Shangazi. "Huyu ana huzuni. Na gauni hujalimaliza, bega limepotelea kwenye karatasi. Ni mtu anayefifia, mtu wa kupita. Hata brashi yako imelijua hilo. Ukuta huu ni wa wenye nyumba."

Mama wa kambo alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alinipokea sijui hata kufunga viatu, na maneno ya namna hiyo ameyameza miaka nenda rudi. Baba akakohoa, akasema labda tuiweke chumbani. Nikamgeukia Shangazi.

"Shangazi, hiyo bluu ni kivuli tu. Alikuwa anabana kicheko, mashavu yakapanda. Tazama mdomo."

Akautazama, shingo upande.

"Na hapo kwenye gauni sijapaka kitu. Nyeupe yangu ni karatasi yenyewe. Brashi ikiteleza hapo, basi tena, weupe haurudi. Kwa hiyo nilimlinda yeye kwanza, ndipo nikapaka pazia, ukuta, na vingine vyote kumzunguka. Unapopaona hapajamalizwa ndipo nilipopaogopa kuliko pote. Huyu hapiti, Shangazi. Bila yeye hakuna picha."

Sikuwa nimewahi kumjibu Shangazi maishani mwangu, na raha niliyoisikia siwezi kuificha.

Mama aliweka sinia mezani. Akachukua nyundo na msumari nilivyokuwa nimeviandaa dirishani.

"Wifi," alisema kwa upole ule ule wa kumkaribisha chai, "naomba hicho kiti."

Shangazi aliangaza huku na huku. Viti vingine vilikuwepo.

"Hiki nilichokalia?"

"Hicho hicho."

Akainuka. Mama akapanda, akaupigilia msumari katikati kabisa ya ukuta, vumbi la chokaa likimwangukia Shangazi mabegani. Baba alimpa picha bila kuambiwa. Kiti kikayumba kidogo, na Shangazi akakidaka kwa mikono miwili, akakishikilia.

"Inua upande wa kulia, wifi," alisema. "Imelala."