Moshi Korongoni

Mlima ule ulifungwa miaka saba: hakuna mbuzi, hakuna panga, hakuna kuni. Walioufunga ni kikundi cha majirani ishirini na wawili. Mwenyekiti wao alikuwa mjane waliyemwita Mama Miche, kwani ukimtafuta nyumbani asubuhi humpati. Yuko kitaluni, kapiga magoti, anang'oa magugu kwenye viriba vya miche. Visiki walivyodhani vimekufa vilichipua. Mwaka wa tano kware walirudi, na mlinzi wao, mtu wa maneno mengi aliyebandikwa jina la Filimbi kwa alivyokuwa akiwapulizia wachunga mbuzi, akatangaza kuwa kuanzia siku hiyo yeye ni waziri wa ndege.

Kiangazi cha mwaka wa saba, Mama Miche alikwenda kukagua miche ya korongoni, akaona moshi mwembamba ukitoka ardhini. Mdogo wake, seremala aliyekosa kazi, alikuwa ameketi kando ya tanuri la mkaa, uso umejaa masizi.

“Dada, usinitazame hivyo.”

“Umekata mingapi?”

“Sita. Minene tu.”

“Minene ndiyo inayotupa mbegu!”

“Na wanangu wale mbegu?”

“Lizime leo hii.”

“Nikilifukua sasa litalipuka. Nipe siku mbili lipoe. Mbili tu, dada. Tumetoka tumbo moja.”

Sheria aliiandika yeye mwenyewe: moshi wowote uripotiwe siku hiyohiyo. Alishuka mlima akapita kwa Filimbi, aliyekuwa uani ananoa panga.

“Habari za korongoni, mwenyekiti?”

“Salama,” akajibu, na wala hakusimama.

Kesho yake mchana upepo uligeuka. Tanuri likapasuka ubavu, nyasi kavu zikadaka moto. Watu walikimbilia mlimani na matawi mabichi na ndoo. Moshi ulikuwa umetanda, haijulikani moto umeanzia wapi. Filimbi aliwapeleka wenzake upande wa juu, yeye akashuka peke yake korongoni akaukatie moto njia, kwa kuwa aliambiwa kule ni salama.

Walimpata jioni, kalala kifudifudi.

Baada ya maziko kikundi kilikutana. Seremala alikuwa ametoroka, na kila mtu alimlaani yeye. Mama Miche angeweza kunyamaza. Alisimama.

“Nililiona tanuri siku moja kabla. Nilijua ni la mdogo wangu.”

Mke wa Filimbi aliinua kichwa. “Mume wangu alikuuliza?”

“Aliniuliza.”

“Ukamwambiaje?”

“Salama.”

Mke wa Filimbi aliziba mdomo kwa upindo wa khanga, akatoka nje. Mama Miche aliweka ufunguo wa kitalu mezani, akaenda zake.

Mvua ziliponyesha, mke wa Filimbi ndiye aliyegawa miche. Mama Miche alifika na jembe lake, akasimama mwisho wa foleni. Hakufukuzwa, wala hakusalimiwa. Zamu yake ilipofika, yule mama alimpa viriba bila kumtazama, akamwonyesha korongo kwa kidevu.

Alichimba huko peke yake msimu mzima, katikati ya visiki sita vilivyoungua hadi mizizi. Alipanda miche mia mbili. Ikashika kumi na tisa.