Gogo la Ganix

Corliss Haun alikuwa ameshatoka getini, godoro limefungwa juu ya pikapu na viti vinagongana nyuma, aliposikia honi. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kupima maji kwenye ardhi ya umma huko kaskazini mwa Nevada, alikuwa anahamia ofisi ya mjini, yenye zulia. Akatazama kioo. Mzee Bixente, mfugaji wa Kibasko, wa ukoo uliotoka milima ya Hispania, alikuwa anamkimbilia na gari lake la kukohoa.

Mzee hakusalimia. Alisema wale wanyama wa Corliss wameangusha mti wa marehemu baba yake, na sasa hivi anakwenda kung'oa bwawa lao kwa mnyororo. Ameona si uungwana kumvunjia mtu kazi yake kabla hajaondoka bila kumwambia.

Corliss akageuza gari, akamfuata. Wanyama wenyewe ni biva, wenye meno ya patasi na mkia bapa kama mwiko, wanaoangusha miti na kuziba vijito, na hakuwaleta yeye. Yeye alipigilia vigingi tu, akavisukia fito, ili maji ya kijito yapunguze mbio na ardhi inywe. Mwaka ule mzee alimwuliza kama huko chuo kikuu alisomea vikapu. Biva walikuja wenyewe baadaye, wakakuta kazi imeanzwa, wakaichukua. Bwawa likivunjwa leo, jasho la miaka yote litakuwa limeteremka bondeni kabla ya chakula cha jioni.

Ni kweli mti ulikuwa chini. Kilichobaki ni kisiki kilichochongoka kama penseli. Ganix, baba wa mzee, alichunga kondoo hapo, na kama wachungaji wote wa Kibasko aliandika kwa kisu kwenye gome jeupe. Kipande chenye maandishi kilikuwa katikati ya ukuta wa bwawa, kimekandikwa tope.

Mzee akaingia majini na mnyororo begani, buti zikajaa. Akainama afunge fundo, kisha akakaza macho kwenye gome.

"Binti, niletee miwani. Iko garini."

Akamletea. Mzee akasoma polepole: maji yameisha, tarehe nne Julai. Maji yameisha, Juni ishirini na nane. Mistari ishirini na kitu, mwandiko wa baba, halafu wake mwenyewe. Hakuna mwaka ambao maji yalivuka Julai.

"Leo tarehe ngapi?"

"Thelathini Agosti, mzee."

Akajitazama. Maji yalikuwa kwenye mkanda wa suruali.

"Kuna samaki ananigonga goti."

"Msalimie."

Mzee akatoa kisu, akakikunjua, akakiweka kwenye gome.

"Sasa mimi naandika nini?"

"Andika kwamba yapo."

"Huu mti ni wa kuandika yakiisha, si wa porojo," alisema, akakikunja kisu. Akautupa mnyororo ukingoni, akaomba mkono. Corliss alipomvuta, tope likakataa kuachia buti, wakaanguka wote wawili, wakacheka hadi wakapaliwa.

Corliss alifika mjini kesho yake, akakaa ofisini miaka minne, akastaafu. Mzee Bixente alifia kitandani akiwa na miaka themanini na minane. Ng'ombe na kibali cha malisho alivichukua mjukuu wake, Maialen. Buti ya kushoto ya mzee haikupatikana. Biva walijenga mabwawa mengine matatu juu zaidi. Gogo lilizama topeni, na maandishi hayasomeki tena.