Dizeli Halali ya Jumapili

Haya ninayosema ni kweli tupu. Atakayenikamata na uongo, hata wa punje moja ya ulezi, nitamnunulia kata ya kimpumu, pombe yetu ya ulezi, hapa hapa kilabuni, mbele yenu wote, na sitanung'unika.

Leonsi alisimama mbele ya meza ya Ndugu Adolfu, kofia mkononi, na mikono yake ilinuka dizeli. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kuendesha mashine ya kusaga ya kijiji cha Mpui, na miaka yote hakuwahi kuisikia harufu hiyo. Lakini ule ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Mgambo walichungulia mpaka ndani ya vyungu vya watu. Kule Mollo bwana mmoja alichukuliwa kwa ajili ya sabuni, na nasikia mkewe aliacha kabisa kufua, asije akaonekana anang'aa. Mwaka ule Leonsi aliisikia dizeli mikononi mwake hata akiwa usingizini.

Ndugu Adolfu alikuwa ofisa mkubwa pale Sumbawanga mjini, na kule Kasanga, ziwani, alikuwa na boti. Ilikuwa imeachwa na wazungu waliojenga barabara. Haikuvua samaki wala kubeba mizigo. Ilikuwa na mito myekundu ya kukalia, na kila Jumapili ilimbeba Ndugu Adolfu na wageni wake, ikaenda, ikarudi. Basi wageni wazito walikuwa wanakuja kutoka Dar es Salaam, na tangi la boti lilikuwa kavu.

"Fundi ni wewe, mafuta utachagua mwenyewe," alisema Ndugu Adolfu. "Nataka dizeli inayoifaa ile injini, isije ikanizimikia katikati ya maji na wageni. Na iwe halali. Mambo ya magendo sitaki kuyasikia."

Leonsi akauliza kama ofisi ingeweza kumpa kibali.

"Kibali ni cha matrekta, hospitali na mashine za kusaga. Boti ya kutembelea niiandikie nini? Kwamba inalima?" Akacheka. Leonsi naye akacheka, maana ilibidi. "Ukishindwa, ndugu yangu, sema tu. Wako wanaoitaka hiyo mashine ya kijiji. Na wako wanaoniuliza kila siku ni nani huko Mpui anayeshikashika mafuta."

Njia nzima ya kurudi, upepo wa Ufipa ukimkata masikio, Leonsi alipiga hesabu. Dizeli ya mashine ya kusaga ingefaa, lakini ilikuwa ya kijiji. Mashine ikinyamaza, akina mama wangerudi kwenye mawe ya kusagia, na kabla jua halijazama kila mtu angeuliza mafuta yamekwenda wapi. Mafuta ya taa yalipatikana kidogo dukani, na hakuna aliyefungwa kwa kuyanunua. Lakini mafuta ya taa ni makavu, yanakwangua pampu. Boti ingekwama kilindini na wageni wa serikali ndani yake, na huo nao ni uhujumu. Ilibaki dizeli ya ng'ambo, iliyopenyezwa Kasesya kutoka Zambia, safi kama asali changa. Hiyo ilifaa tone kwa tone, na kila tone lake lilikuwa jela.

Alichoambiwa achague hakikuwapo. Akachagua ya ng'ambo.

Mfanyabiashara mmoja wa Kasesya, Urbano, aliileta kwa baiskeli, dumu moja kubwa ndani ya gunia la dagaa. Sasa ifichwe wapi mpaka Jumapili ya wageni? Nyumba ndiyo ya kwanza kupekuliwa. Shambani kwa Kristiana, mkewe, matuta ya intumba yalikuwa yamekwisha kuinuliwa, yale ya duara tunayoyajaza majani chini na kuyafunika udongo, na maharage yalikuwa yameota juu yake. Kristiana alipokwenda kusali, Leonsi alifumua tuta moja, akalisukuma dumu ndani ya majani, akafunika, akairudishia miche mmoja mmoja. Hakumwambia mkewe. Kristiana hakujua kudanganya, na Leonsi aliogopa siku atakayoulizwa.

Wiki ile kila kengele ya baiskeli ilimfanya ageuke. Alikuwa akizima mashine ghafla, ulezi wa watu ukiwa nusu, asikilize kama kuna gari. Akina mama wakamtania kwamba siku hizi anaogopa hata pumba. Akatabasamu, jasho likimchuruzika kwenye baridi ile.

Na kuna jambo alilisahau, ambalo mtoto yeyote wa Kifipa analijua. Majani ndani ya tuta huoza, na yakioza yanapata moto. Ukitia mkono asubuhi ya baridi, unaota kama uko jikoni. Leonsi alilelewa kwenye matuta, lakini miaka mingi alikuwa na mashine. Dizeli ikapata joto, ikavimba, ikasukuma kizibo, ikavuja. Maharage ya tuta lile yakageuka manjano.

Kristiana akanyunyiza majivu. Akamwagilia. Yakazidi kunyauka. Basi akafanya kama walivyofundishwa mikutanoni: akaenda kumwita bwana shamba.

Leonsi aliwaona akiwa mlangoni pa mashine. Mkewe alitangulia, binti yao Bertilla mgongoni, akionyesha kwa kidole. Nyuma yake alikuja Nikodemo, bwana shamba, kijana mpole wa Mbeya, na jembe. Na nyuma ya Nikodemo alikuja Beda, kamanda wa mgambo, ambaye hakuwa na kazi nyingine asubuhi ile. Leonsi alitaka kupiga kelele kwamba kuna nyoka. Miguu ilimpeleka yenyewe.

Nikodemo aliokota udongo, akaunusa. Akautupa upesi, kama anayetaka kuurudisha ulikotoka, akasema labda ni minyoo tu.

"Chimba, bwana shamba," alisema Beda. "Tuuone huo ugonjwa."

Jembe likatua puu.

"Baba Bertilla," Kristiana aliuliza taratibu, "hicho ni nini?"

Leonsi alikuwa anaitazama mikono yake.

Leonsi alipofikishwa mjini, Ndugu Adolfu aliwaambia waliokuwapo kwamba yeye alisisitiza iwe halali, na Leonsi mwenyewe akiulizwa atakubali. Leonsi akaulizwa. Akakubali.

Jumapili wakamtoa mahabusu, wakamketisha nyuma ya Landrover katikati ya mgambo, dumu lake katikati ya magoti, wakateremka naye mpaka Kasanga. Fundi mwingine hakuwapo. Mgeni mmoja mwenye kofia ya pama aliuliza mafuta yamepatikana wapi wakati huu wa shida.

"Yamekamatwa, kwa hiyo ni mali ya serikali," alisema Ndugu Adolfu. "Na nyie ni wageni wa serikali. Mnataka halali gani zaidi?"

Wakamfungua Leonsi kamba. Akajaza tangi, akatoa hewa kwenye pampu, akavuta. Injini ikapokea mara moja, ikanguruma mpaka, nawaambieni, viboko wa upande wa Zambia wakatoka majini. Yule wa pama akamsifu fundi. Ndugu Adolfu akasema ni mtu wetu wa Mpui. Beda akamfunga tena kamba, na boti ikaenda.

Leonsi akafungwa, lakini kidogo tu. Alirudi mnene, na blanketi la serikali begani, akaikuta mashine yake inamngoja, na Kristiana akampikia...

"Mzee wangu, lipa."

Ni Bertilla huyo, yule yule wa mgongoni, leo ndiye mwenye kilabu. Kata ya kimpumu ilikuwa imesimama hewani.

"Nilipe nini tena, mwanangu?"

"Baba hakurudi. Na mpaka leo hakuna aliyetuambia yuko wapi."

Hakuna aliyenitetea. Nikatia mkono mfukoni, nikalipa.

Bertilla alijaza kata yake ya ushindi, na hakuinywa. Alimpelekea mama yake huko nyuma ya kilabu, kwenye shamba lile lile. Kutoka kwenye benchi tulimwona bibi kizee Kristiana akiinua matuta. Hulifunika tuta, akapiga magoti, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa. Akishaona hakuna kitu, ndipo anapanda.